Ufizi

Dokta Mkunde ana kioo kidogo cha duara
na kijiti cha chuma chenye alama za milimita.
Anachomeka polepole, nesi anaandika:
tatu. Tano. Saba. Saba tena.
"Ufizi umeachana na jino," anasema.

Mimi ni fundi lipu, mwaka wa ishirini na sita,
kuta za Pasua, kuta za Majengo, mnara wa kanisa kule Rau.
Ukuta nikiugonga kwa kucha ukaitika mtupu,
najua lipu imeshaliaga tofali.
Sikuhitaji maelezo zaidi.
Nilihitaji bei.

Maandalizi, wiki mbili.
Kopo la ugoro nikamwachia Ndekirwa,
asinirudishie hata nikilia.
Mswaki laini, wa mtoto, una picha ya twiga.
Presha ikapimwa mara tatu
maana ilipanda kila nesi aliponisogelea.
"Uje umekula. Uje na mtu wa kukurudisha."
Juu ya tarumbeta hakusema neno
mpaka nilipouliza.
"Wiki sita," akasema. "Usipulize hata mshumaa."

Nikahesabu kwa vidole, mfukoni.
Pasaka iliangukia wiki ya nne.

Kwetu Pasaka haisubiri jua.
Inaanza na shaba, saa kumi na moja, makaburini,
umande mpaka magotini,
sisi tisa tukiwapigia walio chini,
baba yangu safu ya tatu, kando ya masale.

Siku ikafika. Ganzi ikaingia,
shavu likawa la mtu mwingine,
mpangaji asiyelipa kodi.
Kisha nikasikia: kwangua, kwangua,
sauti ya kazi yangu mwenyewe,
mwiko juu ya saruji kavu,
ila safari hii ukuta ni mimi.
Nikaangalia juu. Kona moja ya dari
imepigwa ovyo, inaonekana waziwazi.
Nilitaka kumwambia.
Mdomo ulikuwa na watu.

Dada yangu Anaeli akanirudisha Kiborloni
na barafu ndani ya leso.
Usiteme. Usinywe kwa mrija.
Kesho maji ya chumvi, vuguvugu,
uinamishe kichwa yaanguke yenyewe.
Asubuhi foronya ina doa la rangi ya kutu.

Akanipikia mtori,
akaponda ndizi mpaka zikakosa la kusema,
akaupoza, akaonja kwa kidole cha mwisho.
Chakula cha mzazi. Jirani akachungulia
akauliza tumepata wa kike au wa kiume.
Nikaandika kwenye karatasi: *Mtori wa baridi ni huzuni.*
Anaeli akaandika chini yake: *Kula.*

Siku ya kumi nyuzi zikatoka,
vipande vinne vyeusi kwenye pamba.
Ufizi una rangi ya pera likipasuliwa.
Meno yamerefuka, nikicheka nafanana na babu,
na maji ya bomba ya alfajiri,
yale yanayoshuka mlimani,
yanagonga mzizi wa jino kama habari mbaya.

Pasaka nilikwenda.
Tarumbeta nilimpa Elinami, mtoto wa Ndekirwa,
miaka kumi na sita, mashavu mazima.
Mimi nikashika tochi juu ya karatasi ya nota.
Ukungu ulikuwa mzito, mlima hatukuuona,
tulijua tu uko upande gani.

Wakaanza. Vidole vyangu vitatu
vikawa vinabonyeza paja, bila kuambiwa.
Ulimi nao ukaenda zake,
ukaugonga ufizi kwa ncha,
mara moja, mara ya pili.
Haukuitika mtupu.

Ubeti wa pili Elinami alikosea,
palepale ninapokoseaga mimi.
Nikasogeza tochi karibu,
nikageuka upande wa masale
kuona kama kuna aliyecheka.